SOMO LA TISA: TAKATAKA TUNAZOTUPA HURUDI NYUMBANI

Soma kwanza: Kutoka 21:33-34, Kumbukumbu la Torati 23:12-14.

Fundisho kuu: Takataka isiyofunikwa haijatupwa. Imehamishwa tu mpaka kwa jirani, na kutoka kwa jirani itarudi kwako.



Katika Sheria aliyopewa Musa mna amri ndogo ambayo wengi wetu twaipita upesi tusomapo. Mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, kisha ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo na kufa, mwenye shimo hana budi kulipa. Hawezi kujitetea kwamba hakumsukuma mnyama. Kosa lake ni kuacha kitu cha hatari wazi, mahali wanapopita wengine. Tena, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, Waisraeli waliamriwa kwenda haja nje ya kambi. Kila mtu alipaswa kuwa na chombo cha kuchimbia, naye afukie kilichomtoka. Kambi ile ilikuwa ya watu wengi waliokaa pamoja, na Mungu alitaka iwe safi.

Hapa Kibombo hatufugi punda, lakini mashimo na malundo yaliyo wazi tunayo. Yako nyuma ya soko, kando ya njia, penye mifereji na karibu na visima. Wanaotumbukia humo si ng'ombe, bali ni watoto wetu. Basi leo tujifunze kilichomo ndani ya jalala, jinsi kinavyofika mezani petu, na kazi iliyo juu ya kila Mkristo.

1. Zamani na sasa

Mababu zetu hawakuwa wajinga. Mama wa kijijini alitupa maganda ya mihogo na makapi ya mpunga nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mbuzi na kuku walikula, jua likakausha, udongo ukameza yaliyobaki. Nyumba zilikuwa chache, na takataka zote zilitoka shambani.

Siku hizi watu wengi wameacha vijiji. Wamejenga karibu karibu, nyumba kwa nyumba, hapa Kibombo, na zaidi sana kule Kindu, mji mkuu wa jimbo letu la Maniema. Takataka nazo zimebadilika. Katika jalala la mji utakuta maganda na vichwa vya samaki, lakini pia mifuko ya plastiki, makopo, chupa zilizovunjika, misumari, betri za redio, vitambaa vya watoto wachanga, na hata sindano zilizotumika. Plastiki haiozi upesi kama jani la mgomba. Inakaa miaka mingi, inashika maji ya mvua na kuziba mifereji.

Juu ya haya yote kuna mavi ya watoto. Mama wengi hudhani kwamba mavi ya mtoto mchanga hayana ubaya, kwa hiyo huyafunga katika kitambaa au karatasi na kuyatupa jalalani. Hili si kweli. Mtoto anayehara hutoa vijidudu vingi vya ugonjwa, sawa na mtu mzima na pengine kumpita. Desturi iliyofaa kijiji cha nyumba kumi haifai mtaa wa nyumba mia tano.

2. Vijidudu vilivyomo

Ndani ya jalala mna viumbe vidogo sana viitwavyo bakteria. Jicho haliwezi kuviona. Huonekana kwa hadubini tu, yaani chombo chenye vioo vya kukuzia vitu vidogo. Si bakteria wote walio wabaya. Wengine huozesha majani yawe mbolea, na wengine hukaa matumboni mwetu bila kutudhuru. Lakini wengine huleta magonjwa na mauti.

Bakteria hawazai kama wanyama. Mmoja hujigawa akawa wawili, wawili wakawa wanne. Wakipata joto, unyevu na chakula, baadhi yao hujigawa kila dakika 20. Fanya hesabu: mmoja huwa 8 kwa saa moja. Baada ya saa 7 huwa zaidi ya milioni 2. Joto, unyevu na chakula, vyote vitatu vimo ndani ya lundo la takataka lililonyeshewa mvua. Vimo pia ndani ya sufuria ya sombe iliyolala bila kufunikwa, ambayo nzi ameikanyaga.

Haya ndiyo magonjwa makubwa ambayo bakteria wake wanaweza kupatikana katika uchafu wa mji:

Kipindupindu. Mgonjwa huhara maji matupu kama maji yaliyooshewa mchele, naye aweza kufa kwa saa chache tu.

Kuhara damu. Vijidudu vyake ni vikali sana. Hata mia moja au chini ya hapo vyatosha kumwangusha mtu.

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita tifoide. Isipotibiwa vema, huweza kutoboa utumbo.

Kuhara kwa watoto, kunakoletwa na bakteria wa matumbo wa namna nyingi.

Pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, navyo huweza kuishi humo miaka mingi. Huingia kwa kidonda cha msumari, kigae au kopo.

Ugonjwa wa mkojo wa panya. Huingia kwa ngozi iliyokatika, mtu akanyagapo maji au tope lililokojolewa na panya. Huleta homa kali, na pengine macho ya manjano.

3. Njia tano za kurudi nyumbani

Ndugu atasema, "Mimi nimekwisha kutupa mbali, yamekwisha." Hayajaisha. Takataka iliyo wazi ina njia tano za kurudi.

Njia ya kwanza ni nzi. Nzi hutaga mayai yake penye uozo na mavi. Kwa siku moja mayai huwa mabuu, na katika joto la nchi yetu nzi mpya huruka baada ya siku 7 hadi 10. Nzi jike mmoja aweza kutaga mayai mia kadhaa maishani mwake. Nzi hana meno. Akitua juu ya ugali wako hutapika mate yake ili aulainishe, kisha aufyonze. Mate hayo na miguu yake yenye manyoya hubeba vijidudu vya pale alipotua kwanza. Kumbuka hesabu hii ya siku 7, maana tutaihitaji.

Njia ya pili ni maji. Mvua hupita katika lundo, hulisafisha, na kutelemsha uchafu wake mpaka kisimani, kwenye chemchemi na mtoni. Mtu wa juu hutupa, mtu wa chini hunywa.

Njia ya tatu ni wanyama. Panya hupata karamu jalalani usiku, kisha huingia ghalani na jikoni. Mbwa na kuku huchakura pale, nao hurudi uani na uchafu miguuni.

Njia ya nne ni miguu. Watoto hucheza juu ya malundo bila viatu. Wengine, wana wa maskini, hutafuta humo chupa za kuuza au chakula. Tusiwafukuze kwa matusi. Tuwape chakula, tena tuondoe mtego uliowekwa mbele yao.

Njia ya tano ni mikono. Mama hubeba uchafu, kisha huukanda ugali. Baba hutupa kitambaa cha mtoto, kisha humpa mgeni mkono. Mkono usiooshwa kwa sabuni hufunga safari yote.

4. Mchungaji na daktari wa London

Pengine mtu atafikiri kwamba mambo haya ni ya Afrika tu. Sivyo. Mwaka 1854 mji wa London, katika Uingereza, ulikuwa umejaa uchafu kuliko mitaa yetu. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, karibu na njia iitwayo Broad Street. Katika majuma machache walikufa zaidi ya watu 600. Wakati ule waganga wengi walifundisha kwamba ugonjwa unaletwa na harufu mbaya ya hewa.

Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: mlichota maji wapi? Akaona kwamba wengi waliokufa walichota katika bomba moja la Broad Street. Akawaonyesha wakuu wa mtaa, na tarehe 8 Septemba waliondoa mkono wa bomba lile ili mtu yeyote asichote. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, lakini mlango wake sasa ulifungwa.

Katika mtaa ule ule alikuwako mtumishi wa kanisa, Henry Whitehead. Yeye alikuwa akiwazuru wagonjwa na kuwazika wafu. Kwanza hakumwamini Snow. Lakini kwa sababu aliwajua watu wake kwa majina, aliulizauliza kwa subira, na mwaka 1855 aligundua jambo. Katika nyumba namba 40 mtoto mchanga alikuwa amehara kabla ya wengine. Mama yake alifua vitambaa vyake, akamwaga maji yale katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Walipochimba, waliona kwamba shimo lile lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisima cha bomba, na kuta zake zilikuwa zimebomoka. Uchafu ulikuwa ukipenya.

Vijidudu vyenyewe vilielezwa baadaye na daktari Mjerumani, Robert Koch, alipovichunguza katika Misri na India, mwaka 1883 na 1884.

Tazameni sasa. Mama yule hakumchukia mtu, wala hakukusudia kuua. Alifanya kama walivyofanya jirani zake wote. Lakini shimo lilikuwa karibu na kisima, na watu wengi walizikwa.

5. Habari za nchi yetu

Kongo nayo imeyaona haya. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia Goma. Nchi ile ni ya mawe ya volkano, na kuchimba choo ni kazi ngumu. Maji safi yalikuwa haba. Kipindupindu kilikuja, na kuhara damu nyuma yake. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Kule Kinshasa, tangu mwisho wa Septemba 2004 hata mwanzo wa Januari 2005, homa ya matumbo ilishika watu zaidi ya 42,000. Waliokufa walipita 200. Wagonjwa karibu 700 walipata ugonjwa mkali wa tumbo, au utumbo wao ulitoboka.

Mwaka 2011 kipindupindu kilishuka pamoja na wasafiri wa mto, toka Kisangani hata Mbandaka na Kinshasa. Mwaka 2017 kilienea karibu nchi nzima, na Maniema haikuachwa. Mwaka ule waliougua katika Kongo walikuwa zaidi ya 50,000, nao waliokufa zaidi ya 1,000. Sisi tunaokaa kando ya Lualaba na njia ya reli tusijidanganye. Palipo na njia ya biashara, ugonjwa nao husafiri.

Sisemi kwamba malundo ya takataka peke yake yalileta maafa haya. Mavi, maji machafu na takataka hufanya kazi pamoja kama wezi watatu. Ukimwacha mmoja nyumbani, atawafungulia wenzake mlango.

6. Si uchawi

Hapa nataka kusema wazi, kwa maana jambo hili huvunja nyumba na hata kanisa.

Watoto wawili au watatu wa mtaa mmoja wakifa kwa kuhara katika juma moja, watu huanza kunong'ona. Huuliza, "Ni nani aliyewala?" Kisha hutafutwa mtu: bibi kizee mjane, au mtoto yatima, au jirani ambaye mligombana naye juu ya mpaka wa shamba. Hupigwa, hufukuzwa, nyumba yake huchomwa. Na siku hiyo yote lundo la takataka hubaki pale pale juu ya kisima. Juma linalofuata mtoto mwingine huugua.

Ndugu, kabla ya kumtafuta mchawi, fanyeni kama Snow na Whitehead. Ulizeni: Watoto hawa walikunywa maji ya wapi? Walicheza wapi? Mavi yao yalitupwa wapi? Chakula chao kilifunikwa? Mara nyingi jibu litakuwa mbele ya macho yenu. Yeye amsingiziaye mjane mauti iliyotoka jalalani ametenda dhambi mbili. Amemshuhudia jirani yake uongo, tena ameuacha wazi mlango wa mauti. Wazee wa kanisa, hii ni kazi yenu. Msimame upande wa mtu anayesingiziwa, kisha mshike jembe.

7. Kazi ya kila nyumba

Dawa ya mambo haya haitaki fedha nyingi. Yataka mikono na bidii.

Kwanza, tenga takataka. Maganda, majani na makapi weka mbali na plastiki, vioo na vyuma. Maganda yafanye mbolea kwa kuyarundika na udongo na kuyageuza mara kwa mara. Lundo lililotunzwa vema hupata moto katikati, na joto hilo huua vijidudu vingi. Usichanganye humo mavi wala nyama.

Pili, uwe na ndoo au kikapu chenye kifuniko, ukimwage shimoni kila siku, na kwa vyovyote usipitishe siku tatu. Mnakumbuka nzi na siku zake 7? Ukizika takataka kabla ya siku hizo, mabuu hayatapata nafasi ya kuruka.

Tatu, chimba shimo la takataka. Upana wa mita moja na kina cha mita moja na nusu chatosha nyumba moja. Liwe mbali na kisima au chemchemi, hatua 40 au zaidi, tena upande wa chini wa mtelemko, siyo wa juu. Mahali ambapo maji hutokea upesi ukichimba, usichimbe chini sana. Kila umwagapo takataka, tia udongo juu yake, unene wa kiganja. Zungushia kitu watoto wasitumbukie. Likikaribia kujaa, lifukie kabisa na kuchimba jingine.

Nne, mavi ya watoto yatiwe chooni daima, na maji yaliyofulia vitambaa vyao pia.

Tano, usichome plastiki karibu na nyumba, kwa maana moshi wake ni sumu ya mapafu. Betri usizitupe karibu na maji. Sindano na wembe zirudishwe kwenye kituo cha afya ndani ya kopo gumu lililofungwa.

Sita, osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kushika takataka, baada ya choo, kabla ya kupika na kabla ya kula. Kama sabuni hakuna, tumia majivu.

Lakini nyumba moja haitoshi, maana nzi hajui mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo kanisa na shefu wa mtaa wapatane juu ya siku ya salongo, kwa mfano siku ya posho asubuhi. Tuanze na uwanja wa kanisa wenyewe. Baada ya sikukuu, majani na mifupa ya karamu isilale usiku. Kisha twende sokoni na kwenye mifereji. Wenye nguvu wawachimbie wajane na wazee mashimo yao. Kumchimbia mjane shimo ni kumpenda jirani kwa kweli.

8. Mgonjwa akianza kuhara

Usingoje. Mpe mara moja maji ya chumvi na sukari. Tia katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Kama una pakiti ya hospitali, hiyo ni bora. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Mtoto anyonye kama kawaida.

Mpeleke hospitalini upesi ukiona mambo haya: anahara maji mengi kama ya mchele, ana damu katika choo, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi upesi, hakojoi, au amelegea. Usinunue vidonge kwa wachuuzi wa njiani. Vidonge visivyopimwa huwazoeza bakteria dawa, hata siku ya haja dawa haitasaidia.

Aliyechomwa na msumari jalalani aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi safi, kisha aje kupata sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo. Mama wenye mimba wachanjwe pia, ili watoto wao wazaliwe na kinga.

Maswali ya kujibu

1. Kwa nini desturi ya zamani ya kutupa takataka haifai tena katika mji?
2. Taja njia tano ambazo takataka hutumia kurudi nyumbani.
3. Nzi huchukua siku ngapi toka yai mpaka kuruka? Basi tuzike takataka lini?
4. Shimo la mama wa London lilikuwa na kosa gani?
5. Watoto wa mtaa wakiugua pamoja, tuulize maswali gani kabla ya kumshitaki mtu?
6. Taja shimo au lundo moja lililo wazi karibu na nyumba yako. Utalifanyia nini kabla ya Jumapili ijayo? Ukilimaliza, umwambie mzee wa kanisa.

Tuombe

Ee Bwana, uliyetuumbia miili yetu na kutupa jirani, utusamehe mashimo tuliyoyaacha wazi. Uwaponye watoto walio vitandani. Utupe mikono isiyoona haya kushika jembe, na midomo isiyomsingizia mtu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.